BIASHARA YA FEDHA ZA KIGENI: MAMBO YA KUPIMWA KABLA YA KUTIA MTAJI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanajulishwa kuwa ukurasa huu, ambao kwa kawaida huchukua matangazo ya maofisi, mara hii umetengwa kwa maelezo ya jambo moja linaloulizwa sana makazini na vibarazani, nalo ni biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni kwa njia ya simu na kompyuta. Maelezo haya hayakusudiwi kumshawishi mtu aingie katika biashara hiyo, wala kumkataza. Yanakusudiwa kumwezesha anayetaka kuingia ajue kiasi gani anaweza kupoteza, kabla hajaanza kuhesabu atakachopata.

Ipo sababu ya kulieleza jambo hili kwa watumishi khasa. Mtumishi anapostaafu hulipwa kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja, na aghalabu hizo ndizo fedha nyingi kuliko zote alizowahi kuzishika kwa siku moja maishani mwake. Aliyeko kazini naye huweza kukopa benki kwa dhamana ya mshahara. Wenye kuitangaza biashara hii wanazijua vyema fedha za namna hizi mbili, na ndizo wanazozitafuta. Fedha za mkopo zikipotea katika wiki mbili, makato ya mshahara huendelea kwa miaka, na wanaoyahisi ni watoto wa skuli na wazee waliomo nyumbani ambao hawakuulizwa.

Kubadilisha fedha si jambo geni katika visiwa hivi. Katika karne ya 19 reale ya Maria Theresa iliyotoka Austria ilitumika hapa pamoja na rupia ya India, na wabadilishaji fedha waliishi kwa kujua ni rupia ngapi zinazolingana na reale moja. Mwaka 1882, katika enzi ya Sayyid Barghash, zilipigwa sarafu za reale za Zanzibar yenyewe. Mwaka 1908 ikaja rupia ya Zanzibar, na tarehe 1 Januari 1936 rupia hiyo ikaondolewa na kubadilishwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika. Kwa hivyo mtu aliyezaliwa Malindi mwaka 1900 na akajaaliwa miaka sabini alitumia fedha za aina nne au zaidi bila ya kuihama nyumba aliyozaliwa.

Lakini katika sehemu kubwa ya muda huo thamani za fedha ziliwekwa kwa amri na hazikubadilika ila kwa nadra. Makubaliano yaliyofanywa Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944 yalizifunga fedha nyingi za dunia kwa dola, na dola yenyewe ikafungwa kwa dhahabu. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani aliikata kamba hiyo ya dhahabu, na kufikia mwaka 1973 fedha kubwa za dunia zilikuwa zikipanda na kushuka kila siku kwa nguvu za soko. Biashara inayozungumzwa hapa ilizaliwa wakati huo. Kwetu, Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua njia ya maduka ya kubadilishia fedha, na tangu hapo mwananchi akaweza kuiona bei ya dola ikiwa imebandikwa ukutani asubuhi na kubadilishwa alasiri.

Ukubwa wa soko la dunia ni mgumu kuufikiria. Benki ya Malipo ya Kimataifa, ambayo hulihesabu soko hili kila baada ya miaka mitatu, ilikuta mwezi wa Aprili 2022 kuwa dola trilioni 7.5 zilikuwa zikibadilishwa kwa siku moja, na dola ya Marekani ilikuwamo upande mmoja wa biashara 88 katika kila 100. Wanaobadilisha kiasi hicho ni mabenki, makampuni makubwa, mifuko ya uwekezaji na benki kuu za mataifa. Mtu mwenye dola 500 katika simu yake hawezi kulisogeza soko hilo hata kidogo, na wala hana habari ambayo benki iliyoko London haijaipata kabla yake. Hilo si la kumvunja moyo. Ni la kumwonesha kuwa asitegemee kushinda kwa kujua zaidi kuliko wengine. Lililo mikononi mwake hasa ni kiasi anachokiweka hatarini kila mara.

JINSI BIASHARA INAVYOKWENDA

Fedha huuzwa kwa jozi. Anayenunua yuro kwa dola anauza dola wakati huo huo, na hupata faida yuro ikipanda mbele ya dola. Tuseme bei ya yuro moja ni dola 1.1000. Ikifika 1.1001 husemwa kuwa imepanda nukta moja, yaani sehemu moja katika elfu kumi. Katika yeni ya Japani nukta huhesabiwa katika tarakimu ya pili baada ya desimali, kwa kuwa yeni moja ni fedha ndogo. Kipimo kamili cha biashara, kinachoitwa loti, ni vipande 100,000 vya fedha ya kwanza katika jozi. Kwa yuro na dola, kila nukta katika loti moja ni dola 10. Lakini dalali huuza pia sehemu ya kumi ya loti, ambapo nukta ni dola 1, na sehemu ya mia, ambapo nukta ni senti 10. Shilingi ya Tanzania kwa kawaida haimo katika jozi zinazouzwa namna hii.

Kama ilivyo katika duka la kubadilishia fedha, dalali ana bei mbili, ya kununulia na ya kuuzia, na tofauti iliyoko baina yake ni malipo yake. Tofauti hiyo huonekana ndogo na wengi huipuuza. Mwenye mtaji wa dola 1,000 anayefanya biashara za sehemu ya kumi ya loti, kwa tofauti ya nukta moja tu, hulipa dola 1 kila anapoingia. Akiingia mara kumi kwa siku, katika siku 20 za kazi atakuwa amelipa dola 200, nayo ni sehemu moja ya tano ya mtaji wake, hata kama ubashiri wake wote haukumpa faida wala hasara. Wingi wa biashara humnufaisha dalali kwa hakika. Mteja humnufaisha kwa bahati.

Yapo pia malipo ya kulaza biashara usiku. Kwa kuwa mteja amekopa fedha moja ili anunue nyingine, tofauti ya riba za fedha hizo mbili huhesabiwa kila siku, na mara nyingi huwa juu yake. Waislamu watalitambua hilo mara moja. Baadhi ya madalali hutoa akaunti isiyotozwa riba ya usiku, na huitangaza kuwa ni akaunti ya Kiislamu. Lakini si vyema kudhani kuwa jina hilo limelimaliza suala. Baraza la Fiqhi la Rabita lililokutana Makka mwaka 2006 liliijadili biashara hii ya mtaji uliozidishwa kwa mkopo wa dalali na likaamua kuwa haifai, kwa sababu ya riba na kwa sababu nyengine zaidi ya riba. Mwenye kutaka kuijua hukumu kwa upande wake na awaulize masheikh kabla ya kufungua akaunti, si baada ya kupata faida.

MKOPO WA DALALI

Sasa tufike penye mzizi wa hasara nyingi. Dalali humruhusu mteja kufanya biashara kubwa kuliko fedha alizoweka. Kwa uwiano wa 1 kwa 100, mwenye dola 1,000 anaweza kushika biashara ya dola 100,000. Tangazo huliita jambo hili fursa, na ni kweli kuwa bei ikienda upande wake kwa asilimia moja, mtaji wake huwa maradufu. Ikienda upande wa pili kwa asilimia hiyo hiyo moja, mtaji wote umekwisha, na kwa hakika dalali huwa ameshaifunga biashara kabla haijafika hapo. Asilimia moja katika yuro na dola ni kama nukta 110. Bei huweza kutembea umbali huo kwa siku moja au mbili bila ya kutokea jambo lolote la kuandikwa gazetini.

Mataifa yaliyolisimamia soko hili kwa muda mrefu yameupunguza mkopo huo kwa sheria. Marekani iliweka ukomo wa 1 kwa 50 mwaka 2010 kwa jozi kubwa. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, iliweka ukomo wa 1 kwa 30, na ikawalazimisha madalali watangaze wazi ni wateja wangapi katika mia wanaopata hasara. Uchunguzi wa wasimamizi wa nchi za Umoja huo ulionesha kuwa baina ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi katika mikataba ya namna hii hupoteza fedha. Msomaji anayeambiwa kuwa dalali fulani anatoa 1 kwa 500 au 1 kwa 1,000 na ajiulize dalali huyo amesajiliwa wapi, na kwa nini hakusajiliwa kule ambako ukomo ni 30.

Si lazima mtu autumie mkopo wote anaopewa. Kamba ndefu haimlazimishi mvuvi kuishusha yote.

HESABU YA KUANZIA

Tuchukue mfano wa karani aliyeweka akiba kidogo kidogo mpaka akapata dola 1,000, ambazo kwa bei ya shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi milioni mbili na nusu. Si za ada, si za matibabu, si za mkopo, na si za mirathi ya watu wengine. Ameamua kuwa katika biashara yoyote moja hatapoteza zaidi ya asilimia moja ya mtaji, yaani dola 10.

Anaitazama jozi ya yuro na dola, na anaona kwamba akinunua sasa na bei ikashuka kwa nukta 50, basi sababu iliyomfanya anunue haipo tena. Hapo ndipo atakapoweka amri ya kukata hasara, ambayo ni maagizo kwa dalali kuifunga biashara bei ikifika mahali hapo. Ana dola 10 na ana nukta 50. Akigawa, kila nukta inaweza kumgharimu senti 20. Senti 20 kwa nukta ni vipande 2,000 vya yuro, yaani sehemu mbili katika mia ya loti. Huo ndio ukubwa wa biashara yake, na hesabu imekwisha.

Wanaoanza wengi huifanya hesabu hii kinyumenyume. Huchagua kwanza ukubwa wa biashara kwa kuitazama faida wanayoitamani, kisha huweka amri ya kukata hasara karibu sana ili hasara ionekane ndogo, au hawaiweki kabisa. Bei ikitikisika kidogo, hutolewa nje, na baadaye huiona ikienda kule kule walikodhania. Husema wameonewa na dalali. Mara nyengine huenda wameonewa kweli, lakini mara nyingi zaidi walikata hasara pasipokuwa na maana yoyote katika soko, bali palipolingana na tamaa.

Kwa nini asilimia moja, na si kumi? Mtu akirusha sarafu mara mia moja, kupata upande ule ule mara sita mfululizo si ajabu. Mfululizo wa hasara kumi humfika hata mtu hodari iwapo atafanya biashara kwa muda mrefu. Karani wetu, akipoteza asilimia moja ya kilichobaki kila mara, baada ya hasara kumi mfululizo atakuwa na dola 904, na faida ya chini ya asilimia 11 itamrudisha alipoanzia. Mwenzake aliyekuwa akiweka hatarini asilimia kumi atabakiwa na dola 349, na ili arudi kwenye 1,000 itambidi apate faida ya asilimia 187. Waliopoteza nusu wanahitaji kuzidisha kilichobaki mara mbili. Hii ndiyo sababu mtu aliyekwisha kupoteza sana huanza kufanya biashara kubwa zaidi badala ya ndogo zaidi, kwani njia nyengine ya kurudi alikotoka haioni. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo biashara inapogeuka kamari, hata kama vidole vinabonyeza vitufe vile vile.

Kuna kosa jengine lisiloonekana kwa urahisi. Mtu hununua yuro kwa dola, na wakati huo huo hununua pauni kwa dola, akadhani ameigawa hatari kwa kuwa na biashara mbili. Kwa kweli ameuza dola mara mbili. Habari moja kutoka Marekani ikiipandisha dola, biashara zote mbili zitaumia pamoja, na asilimia moja yake itakuwa mbili.

Aidha faida inayotafutwa haina budi kuwa kubwa kuliko hasara iliyokubaliwa. Anayehatarisha dola 10 ili apate 20 anaweza kukosea mara sita katika kumi na akabaki na dola 20 kabla ya gharama. Anayehatarisha 20 ili apate 10, akipatia mara sita na kukosea mara nne, amepoteza 20.

AMRI YA KUKATA HASARA SI UKUTA

Yaliyosemwa juu ya amri hiyo yasifahamike kuwa ni kinga kamili. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeahidi kutoiacha yuro ishuke chini ya faranga 1.20, na watu wengi duniani walinunua yuro karibu na bei hiyo wakiamini wana sakafu imara chini ya miguu yao. Tarehe 15 Januari 2015 benki hiyo iliiondoa ahadi yake bila ya kutoa ilani. Katika dakika chache yuro ilianguka chini ya faranga moja. Waliokuwa wameagiza wakatiwe hasara kwenye 1.19 hawakumpata mnunuzi katika 1.19, wala katika 1.10, biashara zao zilifungwa mbali huko chini palipopatikana mtu wa kununua. Wapo walioamka wakiwa hawana mtaji na, zaidi ya hayo, wakidaiwa na dalali. Madeni ya wateja katika kampuni ya FXCM ya Marekani yalifika dola milioni 225, na kampuni ya Alpari ya Uingereza ilifilisika.

Tangu mwaka 2018 sheria za Ulaya zinamzuia dalali kumdai mtu binafsi zaidi ya alichoweka. Kinga hiyo si ya dunia nzima, na anayefungua akaunti na aulize kwa maandishi kama anayo.

Jambo hilo lina funzo la karibu nasi. Rial ya Oman imefungwa kwa dola tangu mwaka 1986, kiasi cha dola 2.60 kwa rial moja, na dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dirham 3.6725 kwa dola tangu mwaka 1997. Jamaa walioko Maskati na wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Dubai wamezoea kuziona fedha hizo zikitulia. Kinachotembea kwao ni shilingi, na shilingi huweza kutembea kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2024 dola ilipanda hadi karibu shilingi 2,700, na wengi waliamini haiwezi kwenda ila juu. Kufikia Disemba mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Aliyebadilisha akiba yake kuwa dola kwa bei ya juu alipoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi kwa kipimo cha shilingi, naye hakufungua akaunti kwa dalali yeyote. Mwenye duka anayedaiwa kwa dirham na kuuza kwa shilingi ameshaingia katika hatari ya fedha za kigeni, atake asitake, na pengine kununua dirham zake kidogo kidogo kila wiki kutamfaa zaidi kuliko biashara yoyote ya katika simu.

SAA ZA SOKO

Soko hufunguka usiku wa kuamkia Jumatatu na kufungwa usiku wa kuamkia Jumamosi. London huanza kazi saa 4 au saa 5 asubuhi kwa saa zetu, kwa kutegemea majira yao, na New York huanza saa 9 au saa 10 alasiri. Muda ambao miji hiyo miwili iko kazini kwa pamoja, hadi saa 1 au saa 2 usiku, ndio wenye wanunuzi na wauzaji wengi, na tofauti ya bei huwa ndogo. Hivyo mtumishi asiseme kuwa analazimika kuifanya biashara hii mezani kwake asubuhi. Saa za kazi ni za umma, na hata soko lenyewe halimhitaji wakati huo.

Anayeanza na ajiepushe na dakika zinazotangulia na kufuata habari kubwa. Takwimu za ajira za Marekani, kwa kawaida, hutolewa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa 9:30 au 10:30 alasiri kwa saa za hapa. Bei huruka huku na huku, na ile tofauti ya nukta moja huweza kuwa nukta nyingi.

WALAGHAI NA SHERIA

Wapo wasiofanya biashara ya fedha kabisa, bali hulitumia jina lake. Kampuni ya Mirror Trading International ya Afrika ya Kusini iliwaambia watu wa nchi nyingi kuwa fedha zao zinafanyiwa biashara na programu ya kompyuta isiyokosea, ikawalipa waliowaleta wengine, na ikaporomoka mwishoni mwa mwaka 2020. Mwaka 2023 mahakama ya Marekani ilimwamuru aliyekuwa mkuu wake awarejeshee waliodhulumiwa dola zaidi ya bilioni 1.7. Amri ya mahakama ni jambo moja, na fedha kumrudia mwenyewe ni jambo jengine.

Alama za namna hiyo ya watu ni zile zile kila mara. Huahidi faida maalumu kila mwezi, ilhali soko halimwahidi mtu yeyote chochote. Huomba fedha zitumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Humtaka mteja alete wenzake wa ofisini. Na anapotaka kutoa fedha zake, huambiwa alipe kwanza kodi au ada. Dalali wa kweli hukata gharama zake katika fedha alizokwisha kuzishika. Hamwombi mteja alete nyengine ili apewe zake.

Fedha na usimamizi wa fedha za kigeni ni katika Mambo ya Muungano, na msimamizi wake ni Benki Kuu ya Tanzania, yenye tawi lake hapa Zanzibar. Masoko ya mitaji yanasimamiwa Tanzania Bara na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kenya ilitunga kanuni maalumu za biashara hii ya mtandaoni mwaka 2017 na huwapa madalali leseni. Anayetaka kupeleka fedha kwa dalali wa nchi ya nje na aulize kwanza Benki Kuu, kwa barua, kama kupeleka huko kunaruhusiwa na kwa masharti gani, na ailinde barua ya majibu. Leseni ya dalali iangaliwe katika daftari la msimamizi mwenyewe, wala isitegemewe picha ya cheti iliyotumwa kwa simu.

KUANZA

Madalali wengi hutoa akaunti ya majaribio yenye fedha za mfano. Itumiwe kwa miezi mitatu isiyopungua, na mtaji wake wa mfano ulingane na ule ambao mtu atauweka kweli. Anayejifunzia kwa dola 100,000 za bure hajifunzi chochote kuhusu dola 300 zake. Hata hivyo majaribio hayafundishi khofu, na khofu ndiyo inayowafanya watu waondoe amri ya kukata hasara dakika moja kabla haijafikiwa. Kwa hivyo hatua ya pili iwe ni fedha za kweli lakini chache mno, katika sehemu ya mia ya loti.

Kila biashara iandikwe katika daftari: tarehe, jozi, bei ya kuingia, mahali pa kukata hasara, dola zilizowekwa hatarini, sababu ya kuingia kwa sentensi moja, na matokeo. Sababu iandikwe kabla ya kuingia, kwa kuwa baada ya matokeo kila mtu hupata sababu nzuri. Zikifika biashara 50, zijumlishwe pamoja na gharama zote. Pia mtu ajiwekee kikomo cha mwezi; hasara zikifika asilimia tano ya mtaji, afunge mpaka mwezi ufuatao.

Na kabla ya kuongeza fedha yoyote juu ya zile za mwanzo, atoe kiasi kidogo kutoka kwa dalali na kukisubiri mpaka kiingie katika akaunti yake ya benki hapa nyumbani. Zikichelewa kwa siku zaidi ya zile zilizotajwa katika mkataba, asitie nyengine, na aanze kuzitoa zilizobaki.